Mshipa wa Mkanda na Mkaja wa Mama Zuhura

Kabla sijasahau: taa ya joto ya chumba cha pili ina shingo legevu. Msiisukume kwa juu, ishikeni chini, karibu na goti lake, ndipo itatii. Na kile kiti changu cha magurudumu msikipandishe. Kimezoea kimo changu, na miye nitakuja kukikalia siku nikichoka kukaa nyumbani, siku ambayo kwa ninavyojijua haiko mbali.

Neema na Wanjiku, nyinyi niliowaachia kliniki, ndio mliodai niandike. Wanjiku alisema, "Auntie, ukienda na stori zako zote kichwani, sisi tutabaki na sindano tu." Basi nimekaa jikoni kwangu, ghorofani, hapa Scarborough. Mume wangu nimemtuma dukani kwa makusudi ili asije akanisomea begani. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu kimestaafu pamoja nami. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa, zinafanana kwa watu wote na hazimponyi mtu. Nitawaandikia habari za mshipa mmoja, ule mliokuwa mkiniuliza kila mkinikuta nimemfunga mgonjwa kitambaa kiunoni.

Kwetu Tanga nilikuwa muuguzi. Nilipofika Toronto cheti changu kilisomwa, kikasifiwa, nikarudishiwa. Nikaenda Malton, kando ya uwanja wa ndege, kupanga vyakula vya ndege kwenye sinia: kuku huku, wali kule, kijiko pembeni. Nilipanga mpaka bega la kulia likagoma. Mwenzangu mmoja wa zamu akanielekeza kwa mama wa Kichina mwenye chumba kwenye plaza huku Scarborough, kati ya kinyozi na duka la roti. Nilipanda basi baada ya basi, na nilipofika nilikuwa nimekwisha kukasirika.

Huyo ndiye Bibi Lan. Mfupi, mwembamba, soksi za sufu miguuni hata Julai. Akanisikiliza, akanishika mkono kupima mapigo ya moyo, akanivua kiatu na kunichoma sindano mguuni.

"Bega liko huku," nikamwambia.

"Najua bega liko wapi," akanijibu. "Nimelisomea."

Bega lilikuja kutulia, si siku ile, bali kidogokidogo. Katika kwenda na kurudi Bibi Lan akanipenda kwa sauti yangu. Alisema inafaa kupokea simu, maana hata simu ikikatika mtu atanisikia tu. Nikaacha sinia za ndege, nikakaa mapokezi.

Siku yangu ya kwanza alinipa moksa niiwashe. Hayo ni majani makavu yaliyosokotwa kama sigara nene. Unayawasha na kuyakaribisha kwenye ngozi bila kuigusa, yapeleke joto. Akaniambia niwashe kijiti kimoja. Nikaona uvivu wa nini, mtu anaanza kazi bwana, nikawasha bunda zima. Moshi ukajaa, king'ora kikalia plaza nzima, kinyozi akatoka na mteja aliyenyolewa nusu, na gari la zimamoto likaja na makelele yake. Nikajua leo ndiyo mwanzo na ndiyo mwisho. Bibi Lan akawakaribisha wale vijana wa zimamoto chai, akamwona mmoja anageuza shingo kwa shida, akamkalisha kitini. Yule bwana alikuwa mteja wetu miaka mingi. Kwa hiyo mkiunguza kitu, kwanza pikeni chai.

Baadaye nikasoma jioni, nikafanya mitihani, nikapewa leseni. Hayo hayana hadithi. Vikombe vya kuumikia havikunitisha, kwa kuwa bibi yangu alikuwa akiumika watu kwa pembe ya ng'ombe na nilikuwa nikimshikia taa. Sindano nazo si ngeni kwa muuguzi. Kilichonishinda ni mishipa.

Mgonjwa akiwauliza, mwambieni wazi kwamba mshipa tunaousema si wa damu. Ni njia ya nguvu mwilini kama walivyoiona Wachina wa kale, na miye sijapata kuiona kwenye eksirei, sitamdanganya mtu. Iko kumi na miwili ya kila siku, kila mmoja na kiungo chake, huu wa ini, huu wa figo. Halafu iko minane ambayo Bibi Lan aliiita mishipa ya ajabu, haina kiungo inachokihudumia. Hiyo ni kama mabwawa: mito ikifurika yanapokea, mito ikikauka yanatoa. Na katika mishipa yote hiyo, mingine inapanda na kushuka kama watu wa lifti, mmoja tu ndio unaozunguka. Unaanzia ubavuni, chini ya mbavu, unakizunguka kiuno na kurudi ulikotoka. Wachina wanauita Dai Mai. Miye nikauita Mshipa wa Mkanda, na jina likakubali.

Sikuelewa kazi yake. Bibi Lan akanichukua mpaka soko la Wachina nyuma ya plaza, akanyanyua fungu la mboga za majani, akakata uzi. Mboga zikamwagika sakafuni, muuzaji akaanza kubwata kwa Kichina. "Umeona?" Bibi Lan akaniambia, kana kwamba yule mtu hayupo. "Majani ni yaleyale. Hayajaoza. Hayana wa kuyashika tu." Akanunua mboga zote. Tulizila wiki nzima, na somo sijalisahau, wala ladha.

Sindano zake nyinyi mnazijua, lakini niweke na mkono wangu. Ya kufungua mshipa huchomwa mguuni, kwenye bonde kati ya mfupa wa kidole cha nne na cha tano. Mwenzake huchomwa mkono wa upande wa pili, kwa nje, juu kidogo ya kiungo cha kiganja. Kisha, kama mgonjwa anahitaji, ubavuni, usawa wa kitovu, palipo na jina la mshipa wenyewe. Tunautumia kwa viuno vilivyolegea, kwa nyonga, kwa tumbo zito la chini, kwa wanawake baada ya uzazi. Chomeni kwa upole, subirini. Hakuna haraka, sindano si pasi ya umeme.

Lakini kabla ya sindano, Bibi Lan alikuwa na mtindo wake ambao haumo vitabuni, msihangaike kuutafuta. Alikuwa na kitambaa cha pamba, kirefu, cheupe. Alimsimamisha mgonjwa, akamzungushia kiunoni juu ya nguo, akavuta polepole na kumwuliza: nikaze au nilegeze? Aliyelegea ndani husema kaza, na ukikaza pumzi inamtoka kama mtu aliyetua mzigo. Aliyebanwa ndani husema legeza, hata hujavuta bado. Kwa hilo tu alijua aanzie wapi. Wateja wa kwetu walipoongezeka, akaniomba nimfundishe maneno hayo mawili, na ndicho Kiswahili pekee alichokuwa nacho. Mtu katoka Kigoma, kafika leo na ubaridi wake, anakutana na bibi wa Kichina anayemwuliza kwa sauti ya kijeshi, "Kaza? Legeza?" Wengine walipona kwa kucheka.

Alikuwapo dereva wa malori, Papa Bosco, Mkongo, mtu wa heshima zake. Hakuvumilia kitambaa hata kidogo. "Legeza, Mama, legeza, pardon." Nikamchoma mguuni. Akainua kichwa akautazama mguu wake, akanitazama. "Mama, mimi ninaumwa kiuno. Mguu haukukosea kitu." Nikamjibu kama nilivyojibiwa, kwamba najua kiuno kiko wapi, nimekisomea. Usingizi ukamchukua pale pale, akakoroma mpaka mteja wa chumba cha pili akauliza kama tunafuga mnyama.

Bibi Lan alipohamia kwa binti yake Vancouver, aliniachia kile kitambaa. Hakulia, na miye nikajizuia kwa ajili yake, nikaja kulia kwenye basi. Kimo kwenye droo ya juu. Kifueni kwa maji ya uvuguvugu.

Sasa nije kwa Mama Zuhura. Ameniruhusu mwenyewe kuyaandika haya, kwa sharti moja tu, niseme kwamba siku ya hina alivaa dera la zambarau na lilimpendeza. Lilimpendeza.

Alikuja mwaka wangu wa mwisho wa kazi, theluji za mwanzo. Mtu wa Tanga kama miye, amekaa Malton miaka yote, anasafisha ndege pale uwanjani. Jumamosi binti yake Zuhura alikuwa akimleta kwa gari, anakaa mapokezi na simu yake. Huyu Zuhura kazaliwa hapa hapa. Sikio lake la Kiswahili ni zima, ulimi ndio mvivu. Ukimwambia kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza. Nitayaandika maneno yake kwa Kiswahili, asije akaonekana mgeni katika habari yake mwenyewe.

Nikamwuliza Mama Zuhura anaumwa nini.

"Bi Saumu, ni kama nimekaa kwenye beseni la maji baridi," akasema. "Kiunoni, kuzunguka kote. Nikisimama, beseni linasimama nami."

Nikaweka kalamu chini. Bibi Lan alinieleza mara nyingi kwamba ndivyo watu wa kale walivyousema mshipa huu ukilegea: mtu huhisi amekaa ndani ya maji. Miaka yote hiyo hakuna mgonjwa aliyenitamkia hivyo bila kuulizwa. Leo ananitamkia mwanamke wa Tanga aliyetoka kupiga deki ndani ya ndege. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kama mvuvi wa mtoni aliyevutwa ndoano. Nikamwuliza kuhusu daktari. Alikwisha kwenda, picha hazikuonyesha kitu kibaya, kapewa vidonge na mazoezi. Nikamwambia aendelee navyo. Na hili mlishike: hatumtoi mtu hospitali, tunakaa pembeni yake.

Nikachukua kitambaa, nikamzungushia. "Nikaze au nilegeze?"

Akakishika kitambaa kwa mikono yote miwili.

"Toa," akasema.

"Nilegeze?"

"Nimesema toa, shoga. Usinifunge."

Sijawahi kupata jibu hilo. Nikatoa. Nikamlaza, nikamchoma mguuni na mkononi, nikamwekea moksa ubavuni, kijiti kimoja tu. Aliondoka amepata joto, na joto likakaa siku chache. Kisha baridi ikarudi. Akaja tena, tukafanya vilevile, na ikawa vilevile. Kila Jumamosi napata joto na kila katikati ya wiki linanitoroka. Kitambaa hakitaki hata kukiona.

Nilipata jibu mapokezi, wala sikulitafuta. Jumamosi moja, mama yake yuko kitandani, Zuhura akaweka simu chini akaniambia, "Auntie, Mama hamtaki Feisal."

Feisal alikuwa mchumba wake, kijana wa watu wa Mombasa wanaokaa hapa hapa Scarborough. Posa ilikwisha kukubaliwa na ukumbi umekwisha kutafutwa.

"Kakwambia hamtaki?"

"Hasemi. Lakini bahasha ya mkaja kairudisha. Wameileta tena, kairudisha tena. Mama yake Feisal anasema kama mama wa bibi harusi hana radhi, basi tusimamishe kila kitu. Na mimi, Auntie, siwezi kuolewa mama yangu amenuna." Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Wanjiku, kwenu labda hamna hili, nieleze. Kwetu pwani mwanamke akijifungua, mama yake au shangazi humkanda kwa maji ya moto na kumfunga nguo tumboni na kiunoni, arubaini nzima, ili maungo yarudi mahali pake. Nguo hiyo ndiyo mkaja. Kisha binti akiposwa, upande wa mwanamume humletea mama mzaa chema mkaja wake, kumshukuru kwa tumbo lililombeba huyo binti. Siku hizi umegeuka pesa, ukatiwa kwenye bahasha kama kila kitu. Kuukataa si jambo dogo. Ni sawa na kusema mwanangu simtoi.

Nikaingia ndani. Mama Zuhura alikuwa na sindano ya mguu na ya mkono. Mtu mwenye sindano mguuni hana pa kukimbilia, na hiyo, wanangu, ni faida ya kazi hii ambayo haimo kwenye mitaala.

"Mwenzangu," nikamwambia, "kijana wa watu ana kasoro gani?"

"Feisal? Hana kasoro. Akija kwangu ananipikia chai, na anajua kuipika."

"Mbona basi unaukataa mkaja wako?"

Akasema, tena kwa upole, "Kwa sababu si wangu."

Zuhura alizaliwa Februari. Theluji imefika dirishani, baba mtu yuko zamu, na jirani hawaelewani lugha. Mama yake Mama Zuhura alikuwa amejipanga aje Canada kumlea mzazi, akanyimwa viza. Ikabidi amfundishe kwa simu: shika huku, vuta kule, pitisha nyuma. "Mkaja sina, nikachukua shuka," akaniambia. "Mkono mmoja mtoto, mkono mmoja shuka. Nikajifunga ninavyojua. Nilipoingia kwenye lifti likafunguka, likaniangukia miguuni mbele ya watu. Nikaliokota, nikashuka nalo mpaka chumba cha kufulia, nikalitia mashineni. Sikujifunga tena. Arubaini haijaisha nimerudi kazini, nasukuma mikokoteni. Maji haya yaliingia siku zile, Bi Saumu. Miye nayajua."

Nilikuwa nimeshika kidole chake cha mguu, sikukiachia.

"Mkaja ni shukrani ya kiuno kilichofungwa," akasema. "Changu nani alikifunga? Nikiupokea nitakuwa nimepokea kwa uwongo. Miye si mwongo."

"Mwambie mwanao."

"Nimwambie nini? Kwamba kuzaliwa kwake ndiko kulikonitia maji haya? Mtoto anaolewa. Hiyo si zawadi ya kumpa mtu harusini."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu aliuficha uchungu ili mwana asiujue, na kwa kuuficha akawa anamwumiza mwana vilevile. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Lakini siri ya mgonjwa inabaki kitandani, hilo mmelisoma na mimi nimelilia kiapo. Nilitoka nikamkuta Zuhura ananikodolea macho, nikamwuliza kama barabara zimemwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu.

Wiki nzima nilikuwa nalo kichwani. Mume wangu ananiita, siitiki. Nikampigia Bibi Lan Vancouver, bila kutaja jina wala nchi, nikamwambia nina mgonjwa ambaye mshipa wake umelegea lakini hataki kitambaa. Bibi Lan akafikiri. "Labda hakikatai kitambaa," akasema. "Anakukataa wewe. Si wewe anayetaka amfunge." Halafu akaniuliza kama tangawizi ya lile soko la nyuma ya plaza bado ni kali, tukaingia kwenye mambo ya chai.

Siri ni ya mgonjwa, sawa. Lakini kitambaa si siri. Jumamosi iliyofuata, nikiisha kumwekea Mama Zuhura sindano zake, nilitoka na kitambaa mkononi nikasimama mbele ya Zuhura.

"Hebu nifunge hiki kiunoni," nikamwambia. "Mama yako atahitaji kufungwa nyumbani, na mimi sihamii Malton."

Akakizungusha, akakipiga fundo la mbele kama mcheza karate. Nikamwambia mimi siendi kupigana. Akajaribu tena, akanifunga mbavuni, pumzi ikakatika. Nikamwonyesha: shuka chini, anzia chini ya kitovu, zungusha, vuta kwa mikono miwili, pindo liingie ndani lisipigwe fundo. "Na kabla ya kumaliza unauliza, nikaze au nilegeze. Kwa Kiswahili. Kiuno hakijui Kiingereza."

Akacheka. Mara ya tatu akafunga vizuri, amepiga magoti kwenye zulia letu lile chakavu, ulimi nje kwa bidii.

"Auntie, hii ni nini hasa?"

"Huu ndio mkaja. Ile bahasha ni jina lake tu. Mwanamke anafungwa akizaa."

Mikono yake ikasimama. Mtoto yule si mjinga. Akanitazama kutoka pale chini.

"Mama alifungwa nilipozaliwa mimi?"

"Hilo," nikamwambia, "kamwulize mwenyewe."

Akaingia ndani ya pazia alikolala mama yake. Walichoongea sikukisikia na sikutaka kukisikia. Nilifungulia maji nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi, vikombe vya kuumikia na vya chai, vyote. Sindano zilikaa muda mrefu kuliko inavyotakiwa, na mteja aliyefuata nilimpa gazeti. Walipotoka, macho ya wote wawili yalikuwa mekundu, na Zuhura alikuwa amebeba mkoba wa mama yake. Mama Zuhura akasimama mlangoni, akanitazama kwa jicho la Tanga.

"Weye mwanamke," akasema, "ni mjanja sana."

"Sikusema neno," nikamjibu.

"Najua. Ndiyo maana nasema."

Zuhura alikwenda mwenyewe kwa wakwe zake kuwaeleza. Bi Nuru, mama yake Feisal, alipoelewa alijipiga kifuani. "Hilo tu? Na mimi nimekaa hapa nachukia bure." Akasema bahasha haifungi kiuno, akaenda kutafuta marikani ya pamba, nzito, akaipinda pindo kwa mkono wake. Hata hivyo Mama Zuhura hakusema ataupokea. Alisema, "Tutaona." Na kwa watu wa kwetu neno hilo lina milango miwili, kwa hiyo mpaka siku ya hina hakuna aliyekuwa na uhakika kama harusi ipo.

Kabla sijawapeleka huko, niwaambie ukweli, msije mkadhani nawauzia muujiza. Kiuno cha Mama Zuhura hakijapona chote. Siku za baridi kali beseni linarudi, ingawa anasema maji yamepungua na hayana barafu. Sasa anasimama zamu nzima bila kuegemea kiti cha abiria. Ni sindano? Ni mazoezi ya daktari wake, ambayo hatimaye aliyafanya? Ni lile la pazia? Sijui, na baada ya kazi hii yote sioni haya kusema sijui. Najua tu kwamba mshipa unaozunguka hauwezi kufungwa na mwenyewe peke yake, mikono haifiki vizuri nyuma.

Siku ya hina walikodi ukumbi wa chini wa ghorofa lao, Malton. Nje ndege zinapita juu yetu kila mara, ndani wanawake pekee, udi, biriani, na kelele za watu waliokosana kuhusu spika. Zuhura amekaa kwenye mkeka, mikono na miguu imechorwa, hina mbichi inang'aa, kakatazwa kugusa kitu chochote hata uso wake mwenyewe. Shangazi mmoja alikuwa akimlisha sambusa. Mama Zuhura kwenye kiti, ndani ya lile dera lake.

Bi Nuru akaingia na sinia. Hakuna bahasha, ni ile nguo tu, imekunjwa, ina harufu ya asumini. Akapiga magoti mbele ya Mama Zuhura, mtu mzima kwa mtu mzima, akaiweka. "Mkaja wako, dada," akasema. "Tunaomba radhi yako."

Watu wakanyamaza. Hata spika ilinyamaza, ingawa nadhani ilikuwa imeharibika. Mama Zuhura aliitazama ile nguo na mikono yake ikabaki mapajani. Nikaona midomo yake inatafuta neno, na nikaogopa neno lenyewe.

Zuhura akainuka. Wanawake wakapiga kelele, hina, hina, kaa chini, itaharibika. Hakuwasikia. Alikuja kwa visigino ili asichafue sakafu, akaichukua nguo kwa vidole vilivyojaa hina, na kila alipoigusa ikaacha alama. "Simama, Mama," akasema. Mama Zuhura akasimama. Binti akapiga magoti, akaanzia chini ya kitovu kama nilivyomwonyesha, akazungusha nyuma, akarudisha mbele, akavuta kwa mikono miwili. Maua yote aliyochorwa toka asubuhi yalikuwa yameingia kwenye mkaja na kwenye dera la zambarau, na aliyeyachora alikuwa ameshika kichwa.

Akainua uso. Akauliza kwa Kiswahili, na hicho ndicho Kiswahili kizima cha kwanza nilichokisikia kinywani mwake: "Mama, nikaze au nilegeze?"

Mama Zuhura akaweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe.

"Kaza," akasema. "Kaza, mwanangu. Nimekungoja sana."